Saini ya Raia: Matatizo ya Demokrasia Changa ya Ujerumani, 1918–1926

Historia ya jamhuri ya kwanza ya Ujerumani aghalabu husomwa kinyumenyume. Msomaji huijua tarehe 30 Januari 1933, siku Adolf Hitler alipokabidhiwa ukansela, kabla hajaijua tarehe 9 Novemba 1918, siku jamhuri yenyewe ilipotangazwa; na madhali mwisho anaujua, kila lililotangulia humwonekea kuwa ni hatua ya kuelekea kaburini. Usomaji wa namna hii una hasara mbili. Kwanza, unawadhulumu watu waliokuwapo wakati huo, ambao hawakuijua kesho yao zaidi ya vile binadamu mwingine yeyote anavyoijua yake. Pili, unazitupa lawama zote juu ya Mkataba wa Versailles na juu ya mdororo wa uchumi ulioanza mwaka 1929, yaani mambo mawili yaliyoijia nchi kutoka nje. Makala haya yanashikilia kwamba mzigo mzito kuliko yote ulifungiwa nyumbani, katika wiki chache za mwanzo, wakati wa kuamua mambo mawili: nani atie saini ya kushindwa, na nani abaki na ufunguo wa ghala la silaha.

Tangu mwaka 1916 Ujerumani ilikuwa ikiongozwa kwa hakika na majemadari wawili, Paul von Hindenburg na Erich Ludendorff. Mfalme, Kaisari Wilhelm II, alibaki na taji. Bunge, yaani Reichstag, lilibaki na hotuba. Tarehe 29 Septemba 1918, katika makao makuu ya jeshi mjini Spa, Ludendorff alimwarifu Kaisari kwamba vita vimeshindikana, kwamba lazima yaombwe masharti ya kusimamisha mapigano upesi, na kwamba serikali ikabidhiwe vyama vyenye wabunge wengi. Ni jambo la ajabu kidogo kuona demokrasia ikidaiwa na jemadari ambaye kwa miaka miwili hakutaka hata kuisikia. Lakini kusudi lake hakuwaficha maofisa wake: wanasiasa wale ndio wafanye amani ambayo sasa ilikuwa haina budi kufanywa. Mpishi aliyeunguza chungu alitoka jikoni, akamwachia mwingine mwiko.

Yaliyofuata yanajulikana vya kutosha. Mabaharia wa Kiel waliasi walipodhani kwamba wanapelekwa baharini kufa bure kwa ajili ya heshima ya wakubwa wao; maasi yakaenea mji hata mji; na tarehe 9 Novemba jamhuri ikatangazwa Berlin mara mbili kwa siku moja, kwanza na Philipp Scheidemann wa chama cha SPD katika jengo la Bunge, kisha na Karl Liebknecht, aliyetaka jamhuri ya kisoshalisti, kwenye kasri la Mfalme. Kaisari alikimbilia Uholanzi. Friedrich Ebert, mtoto wa fundi cherehani na mwenyewe fundi wa matandiko ya farasi, akawa mkuu wa serikali. Tarehe 11 Novemba, katika msitu wa Compiègne, mkataba wa kusimamisha vita ulitiwa saini na ujumbe ulioongozwa na Matthias Erzberger, raia, mbunge wa Chama cha Kati cha Wakatoliki.

Katika desturi za vita, askari ndiye humsalimia amri askari mwenziwe. Safari hii uongozi wa jeshi uliridhika kabisa kwamba mbele atangulie raia, nao ukakaa kando. Saini hiyo moja ilimgharimu Erzberger maisha yake: tarehe 26 Agosti 1921 aliuawa kwa risasi alipokuwa akitembea katika Msitu Mweusi, na waliomwua ni watu waliotoka jeshini.

Ili kufahamu kwa nini uwongo ulipata nafasi, ni lazima kukumbuka jinsi vita vyenyewe vilivyokwisha. Siku mapigano yaliposimama, majeshi ya Ujerumani yalikuwa yangali katika ardhi ya Ubelgiji na Ufaransa. Upande wa mashariki, Urusi ilikuwa imelazimishwa amani ya Brest-Litovsk mnamo Machi 1918, na magazeti yaliyokaguliwa na serikali yalikuwa yamewalisha wasomaji habari za ushindi hadi wiki za mwisho. Mtu wa kawaida, aliyekuwa na njaa kwa kuwa meli za Uingereza zilizuia chakula, aliamka asubuhi moja akaambiwa kwamba ameshindwa, ilhali adui hajamwona barazani pake. Tarehe 10 Desemba 1918 Ebert mwenyewe aliyapokea majeshi yaliyokuwa yakirejea Berlin, akawaambia askari kwamba hakuna adui aliyewashinda. Yalikuwa maneno ya kuwafariji watu waliochoka. Hata hivyo, ni vigumu kupata kauli nyingine ya rais wa jamhuri hiyo iliyowafaa maadui zake kuliko hii.

Afrika Mashariki ilichangia katika hadithi hiyo bila ya kuulizwa. Paul von Lettow-Vorbeck, aliyeongoza jeshi la Wajerumani katika nchi ambayo leo ni Tanzania bara, alisalimu amri Abercorn, mji ambao sasa unaitwa Mbala nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, wiki mbili baada ya Compiègne. Mnamo Machi 1919 alipitishwa kwa gwaride katika Lango la Brandenburg kama jemadari asiyeshindwa. Makumi ya maelfu ya wapagazi waliokufa katika kampeni zake na za wapinzani wake hawakuwa na nafasi katika gwaride hilo. Kumbukumbu yao imebaki katika jina la Kariakoo la Dar es Salaam na la Kariakor la Nairobi, yaliyotokana na kikosi cha wachukuzi cha Waingereza. Mwaka uleule wa 1919 Lettow-Vorbeck alipewa askari wa kwenda kuzima ghasia Hamburg. Machi 1920, jamhuri ilipojaribiwa kupinduliwa, alikuwa upande wa wapinduaji.

Uwongo huo ulipata jina mapema. Waliuita Dolchstoß, yaani pigo la jambia, na jambia lenyewe lilidaiwa kuchomwa mgongoni: jeshi halikushindwa vitani, bali lilisalitiwa na wasoshalisti, Wayahudi na wagomaji wa nyumbani. Tarehe 18 Novemba 1919 Hindenburg aliyathibitisha madai hayo mbele ya kamati ya Bunge iliyokuwa ikichunguza sababu za kushindwa. Alikuwa na wajibu wa kueleza lililotokea Spa tarehe 29 Septemba. Badala yake alisoma taarifa aliyokuja nayo. Nguvu ya neno hili ilikuwa katika wepesi wake. Ukweli ulihitaji ramani, hesabu za wanajeshi na za vyakula, na maelezo juu ya Wamarekani waliokuwa wakiwasili Ufaransa kwa wingi kila mwezi. Uwongo ulihitaji mgongo na jambia tu.

Hata jina la nchi lilibeba utata. Waliotunga katiba ya mwaka 1919 walitangaza katika kifungu cha kwanza kwamba Ujerumani sasa ni jamhuri, lakini nchi yenyewe wakaendelea kuiita Reich, jina lilelile la enzi ya Kaisari. Mfasiri wa Kiswahili hukwama hapa. Akisema himaya au milki, ameirudisha taji. Akisema jamhuri, amelifuta neno ambalo watunzi walilibakiza kwa makusudi. Pengine linalokaribia zaidi ni dola, kwa sababu neno hilo nalo lina nyuso mbili: husemwa dola ya Warumi, na husemwa vilevile vyombo vya dola katika nchi isiyo na mfalme. Mjerumani wa mwaka 1919 aliweza kulisikia neno Reich kwa sikio alilolipenda. Bendera ndiyo ilimlazimisha achague. Katiba iliweka nyeusi, nyekundu na dhahabu, rangi za wapigania uhuru wa mwaka 1848. Lakini meli za biashara ziliachiwa nyeusi, nyeupe na nyekundu za Kaisari, na rangi za jamhuri zikabanwa pembeni. Suluhu ya aina hii haikumridhisha mtu.

Uamuzi wa pili, ule wa ghala la silaha, ulifanyika kwa simu. Tarehe 10 Novemba 1918 Jenerali Wilhelm Groener, aliyekuwa amechukua nafasi ya Ludendorff, alimpa Ebert ahadi ya kwamba jeshi litaitii serikali mpya. Kwa upande wake serikali ingedumisha nidhamu na mamlaka ya maofisa na kuwapinga Wabolsheviki. Ni rahisi kumlaumu Ebert kutoka mbali. Mamilioni ya wanajeshi walitakiwa kurejeshwa makwao kwa muda mfupi, treni zilihitaji watu wa kuziendesha, akiba ya chakula ilikuwa ikipungua, na mfano wa Urusi ulikuwa ukimtisha kila mtu mwenye busara. Aliyemwuliza nani mwingine angeifanya kazi hiyo hakupewa jibu la haraka.

Hata hivyo jibu lilikuja, na lilikuja mwezi uliofuata. Kuanzia tarehe 16 Desemba mkutano mkuu wa mabaraza ya wafanyakazi na askari ulikutana Berlin. Wajumbe hao, ambao makabaila na maofisa waliwachora kama watu wa Moscow, walikataa kwa kura nyingi kuiendesha nchi kwa mabaraza. Waliamua uchaguzi wa bunge ufanyike tarehe 19 Januari 1919. Sambamba na hilo walipitisha madai juu ya jeshi: amri kuu iwe mikononi mwa serikali ya raia, alama za vyeo ziondolewe, askari wawachague viongozi wao. Pengine hilo la mwisho lisingewezekana katika jeshi lolote. La kwanza liliwezekana, na kura zilikuwapo. Groener alitishia kujiuzulu, na madai yote yakawekwa kabatini. Nafasi ya kuliweka jeshi chini ya jamhuri ilipita hapo, miezi sita kabla ya Versailles, wala hakuna Mfaransa aliyehusika.

Gharama ilianza kulipwa Januari. Maandamano ya wafanyakazi wa Berlin yaligeuka kuwa uasi usio na mpango. Serikali, kupitia Gustav Noske, ilivitegemea vikosi vya kujitolea vya Freikorps, vilivyoongozwa na maofisa waliomchukia Ebert karibu sawa na walivyomchukia Liebknecht. Tarehe 15 Januari 1919 Liebknecht na Rosa Luxemburg waliuawa baada ya kukamatwa, na mwili wa Luxemburg ukatupwa mferejini. Tangu siku hiyo damu hiyo ilisimama kati ya wakomunisti na wasoshalisti wa Ujerumani.

Siku nne baadaye watu walikwenda kupiga kura, na matokeo yake yanafaa kuzingatiwa na kila anayesema kwamba Wajerumani hawakuitaka demokrasia. Wanawake walipiga kura ya taifa kwa mara ya kwanza, na 37 kati yao wakachaguliwa. Vyama vitatu vilivyoikubali jamhuri bila kinyongo, yaani SPD, Chama cha Kati na Wademokrasia, vilipata pamoja takriban asilimia 76 ya kura. Kwa kuwa Berlin haikuwa salama, wajumbe walikutana katika mji mdogo wa Weimar, mji wa Goethe na Schiller. Katiba iliyotokana na kazi yao, ambayo rasimu yake ya kwanza ilitungwa na mwanasheria Hugo Preuss, ilitiwa saini na Ebert tarehe 11 Agosti 1919. Mengi yamesemwa juu ya kasoro zake: viti viligawanywa kwa kadiri ya kura hata vyama vikawa utitiri, na kifungu cha 48 kilimruhusu rais kutawala kwa amri wakati wa hatari. Kasoro hizo ni za kweli. Lakini Ebert alikitumia kifungu hicho mara 136, na nyingi za amri hizo zilikuwa za kuilinda jamhuri. Kisu ni kilekile. Mshikaji ndiye hubadilika.

Mkataba wa Versailles uliingia katikati ya kazi hiyo. Ujerumani ilipoteza takriban asilimia 13 ya ardhi yake ya Ulaya na asilimia 10 ya watu wake, pamoja na makoloni yote. Jeshi lake liliwekewa kikomo cha watu 100,000. Na kifungu cha 231 kiliibebesha dhamana ya hasara za vita. Scheidemann alijiuzulu asiutie saini. Groener alipoulizwa kama jeshi linaweza kupigana tena, alijibu kwamba haliwezi. Tarehe 22 Juni 1919 wajumbe 237 walikubali na 138 wakakataa. Wasemaji wa vyama vilivyokataa walikiri kwamba wanaokubali nao wanasukumwa na uzalendo. Ungamo hilo halikudumu. Miezi michache baadaye watu walewale 237 walikuwa wakiitwa wahalifu wa Novemba, na wenzao waliowaachia kazi hiyo chafu walitembea na mikono safi. Katika uchaguzi wa Juni 1920 vyama vitatu vya jamhuri vilishuka hadi chini ya asilimia 45, na wingi wao wa Bunge haukurudi tena.

Je, watumishi wa dola walikuwa upande gani? Katiba iliwahakikishia kazi zao mahakimu na maofisa walioapa kwa Kaisari, na wengi walibaki vitini wakiwa na moyo uleule wa zamani. Tarehe 13 Machi 1920 askari wa kikosi cha Ehrhardt waliingia Berlin na kumweka Wolfgang Kapp kuwa kansela. Serikali ilipotaka jeshi liwazuie, wakuu wa jeshi, Jenerali Hans von Seeckt akiwa mbele, walikataa kuwapiga risasi askari wenzao. Jamhuri iliokolewa na mgomo wa wafanyakazi wa nchi nzima, na kwa siku nne Berlin ilikaa bila taa, maji wala treni. Kapp alikimbia. Lakini wafanyakazi wa Ruhr walipoendelea kushika silaha, jeshi lililokataa kuwapiga risasi wapinduaji liliwapiga wao bila kusita. Mahakama nazo zilimfunga mtu mmoja tu miongoni mwa vinara wa Kapp.

Ushahidi wa mizani hiyo uliwekwa wazi na mwanahisabati Emil Julius Gumbel, aliyekusanya habari za mauaji ya kisiasa ya mwaka 1919 hadi 1922. Alihesabu mauaji 354 yaliyofanywa na watu wa mrengo wa kulia, na 326 kati ya hayo hayakuadhibiwa. Yaliyofanywa na watu wa mrengo wa kushoto yalikuwa 22, na wahukumiwa 10 wa upande huo walinyongwa au kupigwa risasi, ilhali kwa upande wa kulia hakuna hata mmoja. Wizara ya sheria haikuweza kuzikana hesabu hizo. Gumbel mwenyewe baadaye alinyimwa haki ya kufundisha chuoni Heidelberg.

Vyuo vikuu havikuwa nyuma. Chuo Kikuu cha Hamburg kilianzishwa mwaka 1919 na baraza la mji lililochaguliwa kidemokrasia, na hapo ndipo Carl Meinhof, ambaye kila mwanafunzi wa ngeli za Kibantu hulikuta jina lake, alipopewa uprofesa wa lugha za Kiafrika. Jamhuri iliyopoteza makoloni ilikipa cheo cha chuo kikuu kitengo kilichoanzishwa kwa ajili ya makoloni. Mwaka 1933 Meinhof alijiunga na chama cha Hitler. Si yeye peke yake.

Lililobaki ni fedha. Serikali ya Kaisari iliviendesha vita kwa mkopo, ikitarajia kwamba walioshindwa watalipa. Walioshindwa wakawa ni wao wenyewe. Mei 1921 fidia ilitajwa kuwa marki za dhahabu bilioni 132, ingawa sehemu kubwa ya jumla hiyo iliwekwa kwa namna ambayo watalaamu hawakutegemea ilipwe. Januari 1923 Ufaransa na Ubelgiji ziliikalia Ruhr kwa sababu ya fidia iliyochelewa. Wafanyakazi wakagoma kwa amri ya serikali, na serikali ikawalipa kwa noti zilizochapwa usiku na mchana. Mwaka 1914 dola moja ya Marekani ilikuwa marki 4.2, Novemba 1923 ilikuwa marki 4,200,000,000,000. Fedha mpya ilipotolewa tarehe 15 Novemba, deni la vita la marki bilioni 154 lilikuwa limegeuka thamani ya senti 15 na kitu, yaani pfennig 15.4. Dola ilifutiwa deni. Mwalimu mstaafu na mjane aliyenunua hati za mkopo wa vita kwa uzalendo alifutiwa maisha yake, naye hakumlaumu Kaisari aliyekopa, bali jamhuri iliyokuwapo siku noti zilipokufa.

Katika orodha ya wadai wa dola hiyo walikuwamo pia askari wa Afrika Mashariki. Mahjub bin Adam Mohamed, anayejulikana zaidi kwa jina la Bayume Mohamed Husen, mzaliwa wa Dar es Salaam aliyetumikia jeshi la Lettow-Vorbeck akiwa mtoto, alifika Berlin mwaka 1929 kudai mishahara yake na ya baba yake. Wizara ya Mambo ya Nje ilimwambia kwamba amechelewa. Alibaki huko, akawa mhudumu wa mikahawa na akasaidia kufundisha Kiswahili; alifia katika kambi ya Sachsenhausen mwaka 1944.

Desemba 1924 mahakama ya Magdeburg ilisikiliza kesi ya kashfa aliyoifungua Ebert dhidi ya mhariri aliyemwita msaliti. Hakimu alimtia mhariri hatiani kwa lugha ya matusi, lakini akaamua kwamba kisheria Ebert alitenda uhaini kwa kujiunga na viongozi wa mgomo wa Januari 1918, mgomo ambao alidai kuwa aliuingia ili aumalize. Hivyo mahakama ya jamhuri ilimhukumu rais wa jamhuri kwa kipimo cha jambia. Ebert, aliyeahirisha matibabu wakati wa mashauri hayo, alikufa tarehe 28 Februari 1925 kwa ugonjwa wa kidoletumbo, akiwa na umri wa miaka 54.

Katika duru ya pili ya kumchagua mrithi wake, tarehe 26 Aprili, Wilhelm Marx wa Chama cha Kati alipata kura milioni 13.75, na mkomunisti Ernst Thälmann, ambaye hakukubali kumpisha, milioni 1.93. Mshindi alipata milioni 14.66. Alikuwa Hindenburg, mtu wa Spa, na tarehe 12 Mei 1925 aliapa mbele ya Bunge kuilinda katiba. Mei ya mwaka uliofuata alitia saini amri iliyoziruhusu balozi za Ujerumani nje ya Ulaya na katika miji ya bandari kupandisha bendera nyeusi, nyeupe na nyekundu ya meli za biashara kando ya ile ya jamhuri. Bunge lilikasirika, na tarehe 12 Mei 1926 likamwangusha Kansela Hans Luther, aliyeiunga mkono amri hiyo. Amri yenyewe haikufutwa.